Kioo cha bafuni kilichoshika "chumvi": kwa nini hakitoki kwa kusuguliwa

Wateja wangu wa Nyali na Bamburi, hapa Mombasa, wakinipigia simu, maneno ni yaleyale: "Fundi, mlango wa bafu umeshika chumvi." Mama mmoja aliniita baada ya kusugua kioo chake wiki nzima. "Mwanangu, hiki kimenishinda," akaniambia, akanionyesha stilwaya tatu zilizokwisha. Kioo kilikuwa na ukungu mweupe kuanzia usawa wa kiuno hadi chini, na juu ya ukungu huo kulikuwa na mikwaruzo aliyoitia yeye mwenyewe. Ukungu niliutoa. Mikwaruzo ipo hadi leo, na iliniuma, kwa sababu nguvu zote zile hazikuhitajika.

Neno "chumvi" ndilo linalotupoteza. Chumvi huyeyuka kwenye maji. Lingekuwa doa la chumvi tupu, kopo moja la maji lingelimaliza. Maji ya visima vyetu yana chumvi kweli, ulimi unaijua, lakini kinachong'ang'ania kioo ni chokaa. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani na udongoni, yakawa na uasidi hafifu, na yakipenya ardhini huyeyusha mwamba huo kidogo kidogo. Ni mwamba uleule uliochimbwa Bamburi tangu miaka ya 1950 kutengenezea saruji, hadi mashimo yakageuzwa bustani ya Haller. Kwa hiyo anayeoga maji ya kisima anaoga jiwe lililoyeyuka. Tone likikauka kiooni, maji hupaa na jiwe hubaki.

Sogeza jicho karibu na doa moja. Utaona duara lenye ukingo mzito kuliko katikati, kwa sababu tone likikauka husukuma vilivyomo pembeni. Kesho tone jingine hutua palepale. Baada ya miezi unapata ukoko kama ule wa ndani ya birika la chai.

Kabla sijafungua chupa yoyote, napitisha ukucha kwenye kioo kikavu. Ukikwaruza kama msasa laini, ni ukoko, na utatoka. Ukiteleza kwa utelezi wa mafuta na kuacha mstari, hiyo ni sabuni: sabuni ya kipande ikikutana na chokaa ya majini huganda ikawa utando wa kijivu, na ndiyo maana maji ya kisima hayashiki povu. Ukipita bila kuhisi kitu na ukungu bado upo, moyo wangu huzama kidogo. Nitarudi hapo.

Utando wa sabuni hutoka kwanza, kwa maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wakasema siki haifanyi kazi. Asidi haiwezi kupenya mafuta kuifikia chokaa iliyo chini yake.

Baada ya hapo ndipo siki nyeupe, ile ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 hivi. Mimi napenda zaidi unga wa ndimu, uleule wa kutilia chatini: vijiko viwili vya mezani kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu. Hauna harufu ya kuchoma pua na ni rahisi kubeba. Ukiutonesha kwenye ukoko na kusogeza sikio, utasikia mchirizo mdogo na kuona vipovu. Ni kaboni dioksidi inatoka, jiwe linavunjika.

Siri iko kwenye muda. Ukipuliza siki kwenye kioo kilichosimama, huteremka yote hadi sakafuni kabla haijafanya lolote. Nachukua karatasi za tishu, nazilowesha, nazibandika kiooni kama mtu anayebandika tangazo, kisha naongeza dawa kila zinapotaka kukauka. Dakika 20 hadi 30. Nikizibandua, sponji laini inatosha. Pakibaki pagumu, narudia palepale. Sitafuti dawa kali zaidi. Nikimaliza, nasuuza kwa maji mengi, pamoja na vishikio na bawaba, maana asidi ikikaa hula ule mng'aro wa chuma.

Tazama sakafu yako pia. Marumaru ni jamaa ya chokaa, na terazo ina vipande vya marumaru. Siki itakayong'arisha kioo itatia madoa hapo chini. Naloweka taulo kwa maji, nalitandaza chini ya mlango, kisha naanza kazi.

Siki na bekingi soda kwa pamoja huchemka vizuri machoni, lakini moja huua nguvu ya nyingine. Tumia siki peke yake. Na tafadhali, siki au dawa yoyote ya asidi isikutane na Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo chenye dirisha dogo. Mchanga nao uache: ni mgumu kuliko kioo.

Sasa kile kioo ambacho ukucha haukuhisi kitu. Hicho kimeliwa. Maji yakikaa muda mrefu juu ya kioo huvuta sodiamu iliyomo ndani yake, yakawa makali mfano wa magadi, na ukali huo hula uso wa kioo. Hapo hakuna doa la kutoa, wala siki haitasaidia. Kinachowezekana ni kukipolishi kwa unga wa seriamu oksaidi na pedi ya sufi, taratibu, pakiwa na maji muda wote ili kisipate joto. Ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi namwambia mteja waziwazi kuwa kioo kipya kitamgharimu kidogo kuliko mimi.

Ndiyo sababu kila ninayemsafishia namwachia mpira wa kukaushia kioo, kama ule wa vijana wanaofuta vioo vya magari barabarani. Ukimaliza kuoga, anza juu, vuta hadi chini, mara tano au sita. Ni kama nusu dakika. Wenye tangi la maji ya mvua wana bahati zaidi: maji hayo hayajapita kwenye mwamba, na kopo moja la mwisho kiooni haliachi chokaa. Kisha futa kwa kitambaa ule mpira wa chini ya mlango. Hapo ndipo matone hujificha usiku kucha, na ukoko mpya huanzia hapo.