Jani la Tumbaku Lililopigwa na Jalidi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaolima tumbaku yao wenyewe huamini kwamba kuitayarisha ni kuondoa maji kwenye jani tu, basi jalidi, yaani baridi ya kugandisha maji, ikiwahi kabla ya mavuno hukimbilia kulianika juani au karibu na jiko ili kuliokoa. Kwa maoni yangu, haraka hiyo huharibu majani mengi kuliko jalidi yenyewe. Jani bichi lililotundikwa huendelea kuishi kwa siku kadhaa, na katika muda huo vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari, huvunja protini na kuondoa ukijani hadi jani liwe la manjano. Kukauka hufuata baadaye. Likikaushwa kwa pupa hufa kazi hiyo ikiwa nusu, hubaki la kijani, na moshi wake hukereketa koo.

Jalidi nayo huua jani kabla ya wakati: barafu hutokea ndani ya tishu, utando wa seli huharibika, na sehemu iliyoganda haiwezi tena kuiva kwa kawaida, hata ikitunzwa vipi.

Je, shamba zima ndiyo limekwisha? Si lazima. Jalidi nyepesi mara nyingi hupiga majani ya juu na ncha zake, huku ya chini yakisitirika. Barafu ikiyeyuka, sehemu iliyokufa hulegea na kuwa ya kijani kizito kana kwamba imechemshwa, kisha hugeuka kahawia au nyeusi, ilhali iliyo hai hubaki imara. Ikate iliyokufa, vuna iliyo hai kabla ya usiku mwingine wa baridi, na usizitundike pamoja, kwa kuwa uozo huanzia kwenye tishu iliyokufa.

Kipimajoto nacho hudanganya. Usiku usio na mawingu wala upepo, majani hupoteza joto upesi kuliko hewa, hivyo yanaweza kuganda ilhali kipimo kilichotundikwa juu kinasoma nyuzi 2 au 3 za Selsiasi.

Wapo pia wasemao kwamba baridi hupunguza nikotini. Nikotini hutengenezwa mizizini na kupanda hadi kwenye majani, jalidi haiiondoi. Ndiyo maana anayeshika majani mabichi yenye maji bila glavu anaweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu, kwani nikotini hupenya kwenye ngozi. Na tumbaku ya nyumbani haina moshi salama.

Ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, hatari haijaisha, maana jani ambalo bado ni la kijani linaweza kuganda humo pia. Likishakuwa kahawia, baridi hailidhuru tena. Kwa tumbaku ya hewa, yaani inayokaushwa kwa hewa tu bila moto, joto la nyuzi 18 hadi 35 na unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 hufaa, na kazi huchukua wiki 4 hadi 8. Rangi peke yake haitoshi kuwa kipimo: jani laweza kuwa kahawia lote huku uti wake wa kati ukiwa na maji, kwa hiyo ukunje uti huo, na usiposikika ukivunjika, liache litundikwe.