Je, wajua kwa nini wimbo wa katuni humnasa hata mtoto asiyejua Kiingereza?

Katika filamu za katuni za ngano, wimbo hauwekwi kuchangamsha tu. Huwekwa pale mhusika anapokata shauri, na shauri hilo likaonekana kwa vitendo. Chukua Frozen ya mwaka 2013, iliyochipuka kwenye ngano ya Hans Christian Andersen wa Denmark. Wimbo wake mkuu, Let It Go, haufiki dakika 4, lakini ndani yake malkia Elsa anavua glovu, anaachia joho lipeperuke, anainua kasri la barafu, anashusha msuko begani na kubadili gauni. Mtoto wa Mbagala ameshaelewa: dada huyu amechoka kujificha.

Muziki nao unasimulia. Unaanza chini, kwa piano, kisha ala zinaongezeka na kiitikio kinapaa. Watunzi wake, Kristen Anderson-Lopez na Robert Lopez, walipouleta, hadithi yenyewe ikabidi ibadilishwe, kwani Elsa alikuwa amepangwa kuwa adui. (Angebaki hivyo, sijui nani angelilia gauni lake siku ya kuzaliwa.)

Sauti hurekodiwa kwanza. Picha, 24 kwa kila sekunde, huja baadaye. Ndiyo maana midomo na kifua cha mchoro hufuata pumzi za mwimbaji. Hapo ndipo tafsiri hukwama: nota 3 hazibebi kitenzi cha Kiswahili chenye silabi 6, na b, m na p zinadai midomo iliyofumba. Madijei wa filamu za kutafsiriwa, wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, kazi ambayo Dar imeizoea tangu enzi za msimuliaji Lufufu, hawana haja ya kuhangaika na hayo. Dokeza kinachokuja kabla wimbo haujaanza, nyamaza, endelea ukiisha. Anayesimulia juu ya kiitikio anauua wimbo.

Kosa jingine liko kwenye spika, kuanzia vibanda umiza vya kuonyeshea filamu hadi sebuleni. Faili lenye chaneli 6 za sauti huweka maneno, na mara nyingi mwimbaji pia, kwenye chaneli ya katikati. Likipigwa kwenye spika 2 bila chaneli hizo kuchanganywa sawasawa, ala zinanguruma huku Elsa akisikika kama yuko nyumba ya jirani. Fungua mipangilio ya sauti ya programu unayochezea, chagua steriyo, punguza besi. Kupandisha sauti hakusaidii, kwa sababu ala nazo zinapanda.