Folda ya Pamoja Inapokataa Kufunguka: Windows, Linux na Mac Kwenye Rauta Moja

Ofisi ndogo nyingi zina mchanganyiko huu: kompyuta mbili tatu za Windows, moja ya Ubuntu inayotunza faili za wote, na MacBook ya mtu mmoja. Zote zinapata intaneti, lakini folda ya pamoja haifunguki. Anayeitwa kusaidia mara nyingi huzima faiawoli, huwasha SMB1 (toleo la zamani la SMB, itifaki ya kushirikisha faili mtandaoni), huandika chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu), kisha huondoa nywila. Folda ikifunguka hajui dawa ilikuwa ipi, na faili za ofisi zimebaki bila ulinzi. Mimi huuliza kwa zamu: je, mashine zinafikiana? Zinaelewana itifaki? Seva inamtambua mtumiaji? Faili zenyewe zinamruhusu? Sigusi swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa.

Katika mifano ifuatayo seva ni Ubuntu yenye anwani 192.168.1.20, folda inaitwa kazi na mtumiaji ni asha.

Usiamini orodha ya "Network"

Seva kutoonekana kwenye dirisha la Network la Windows si ushahidi wa chochote. Zamani orodha ile ilijazwa kwa matangazo ya NetBIOS (mfumo wa zamani wa majina ya mashine) yaliyotegemea SMB1. Siku hizi Windows hutumia WS-Discovery, na Samba (programu inayoiwezesha Linux kushirikisha faili kwa SMB) peke yake haijitangazi kwa njia hiyo mpaka uweke programu ndogo kama wsdd. Kwa hiyo iache orodha, andika anwani moja kwa moja. Kwenye Windows, katika upau wa File Explorer:

    \\192.168.1.20\kazi

Kwenye Mac, ukiwa Finder bonyeza Command na K, kisha andika smb://192.168.1.20/kazi.

Ikikataa, pima poti 445, maana ndiyo SMB inayopitia. Kwenye PowerShell:

    Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Tazama mstari wa TcpTestSucceeded. Kwenye Linux au Mac tumia `nc -zv 192.168.1.20 445`. Ping haitoshi: inaweza kujibu huku 445 imefungwa, na inaweza kunyamaza huku folda inafanya kazi vizuri.

Jibu likiwa False, anza na seva. `sudo systemctl status smbd` itakuambia kama Samba inaendeshwa. Kama ufw, faiawoli ya Ubuntu, imewashwa, ruhusu mtandao wa ndani tu:

    sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

Kama mwenye folda ni Windows, angalia `Get-NetConnectionProfile`. Mtandao ukiandikwa Public, faiawoli kwa kawaida huzuia folda za pamoja. Ugeuze kuwa Private kwenye mipangilio ya mtandao. Hakuna haja ya kuzima faiawoli nzima.

Kuna sababu mbili za rauta zinazopoteza watu muda. Ya kwanza ni Wi-Fi ya wageni, au mpangilio uitwao AP isolation: kila mashine inapata intaneti lakini haiwezi kuigusa jirani yake. Ya pili ni rauta mbili, ya kampuni ya intaneti na nyingine iliyonunuliwa ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Ikiwa ile ya pili imechomekwa kwenye tundu lake la WAN (la kupokea intaneti), imeunda mtandao mwingine, tuseme 192.168.0.x. Dalili yake ni ya upande mmoja: aliye nyuma ya rauta ya pili anaifikia seva iliyo kwenye ya kwanza, lakini wa huku hawezi kumfikia yeye. Iweke rauta ya pili katika hali ya access point (kusambaza Wi-Fi tu), au zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, na uhamishe waya kwenye tundu la LAN (la mashine za ndani).

Ikiwa anwani inafungua na jina halifungui, usiguse Samba. Hifadhi anwani ya seva kwenye DHCP ya rauta ili isibadilike, na hakikisha jina halizidi herufi 15, ambao ndio mwisho wa NetBIOS.

Itifaki ya zamani

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1. Mwaka huohuo Windows 10 toleo la 1709 liliacha kuiweka SMB1 katika usakinishaji mpya wa kawaida, na Samba 4.11 ya 2019 nayo ikaifunga isipoombwa. Ndiyo maana kompyuta yenye Windows XP, diski ya mtandao ya zamani, au mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda, hukataa ghafla baada ya kompyuta kubadilishwa. Linux ikileta "mount error(112): Host is down" huku seva iko hai, mara nyingi ni itifaki hazikupatana.

Sikubali kuwasha SMB1 kwenye mashine yenye hesabu za ofisi kwa ajili ya fotokopi. Tafuta kwanza sasisho la programu ya ndani ya mashine hiyo. Lisipokuwepo, tumia FTP kwenda kwenye folda moja ya skani isiyo na kitu kingine, au flashi.

Upande wa pili, Windows 11 toleo la 24H2 limekaza zaidi: linadai kila mawasiliano ya SMB yawe na saini, na toleo la Pro linakataa kuingia kama mgeni asiye na nywila. Hapo kuna mtego. Faili ya mipangilio ya Samba, smb.conf, inayokuja na Ubuntu ina mstari huu:

    map to guest = bad user

Maana yake ni kwamba jina la mtumiaji lisilojulikana halikataliwi, bali linageuzwa mgeni. Ukiandika "aysha" badala ya "asha", Samba inakupokea kama mgeni, kisha Windows inakataa ikilalamikia sera ya usalama. Unaanza kuhangaika na sera, kumbe ni herufi. Weka `map to guest = never` na kosa litajitaja lenyewe: jina au nywila si sahihi.

Nywila sahihi inayokataliwa

Hapa ndipo kesi nyingi huishia. Samba ina daftari lake la nywila, tofauti na la Linux. Kumwongeza asha kwenye Ubuntu hakumwingizi Samba:

    sudo adduser --no-create-home --shell /usr/sbin/nologin asha
    sudo smbpasswd -a asha
    sudo pdbedit -L

Amri ya tatu huonyesha wote ambao Samba inawajua. Akibadilisha nywila kwa `passwd`, ya Samba inabaki ileile ya zamani.

Windows ikiwa ndiyo yenye folda, PIN ya kuwashia kompyuta haifai kwenye mtandao. Inatakiwa nywila kamili ya akaunti ya Microsoft, na akaunti isiyo na nywila haipokelewi kabisa. Ni nafuu kutengeneza akaunti ya ndani kwa kazi hii tu: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `net user faili * /add`, nayo itakuuliza nywila.

Unapoingia kutoka Windows, taja na mashine: `192.168.1.20\asha`. Bila hivyo Windows inaweza kupeleka jina la akaunti yako ya Microsoft. Kosa namba 1219 linamaanisha tayari umeungana na seva hiyo kwa jina jingine, na Windows hairuhusu majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Andika `net use` uone miunganisho, ifute kwa `net use \\192.168.1.20\kazi /delete`, kisha futa nywila iliyohifadhiwa kwa `cmdkey /delete:192.168.1.20`.

Mac ikiwa ndiyo yenye folda, kuwasha File Sharing hakutoshi. Fungua maelezo yake ndani ya Sharing, tafuta Windows File Sharing, weka alama kwenye akaunti husika na uandike nywila yake. Hatua hii ikirukwa, Windows inakataliwa hata kwa nywila sahihi.

Inafunguka lakini haihifadhi

Kila faili ina milango miwili: ruhusa ya folda ya pamoja na ruhusa ya diski. Iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Kwenye Windows, ukishirikisha kupitia Advanced Sharing, Everyone anapewa Read tu. Unaweza kumpa mtu Full control kwenye kichupo cha Security na bado asihifadhi kitu. Angalia vyote viwili.

Kwenye Ubuntu, tangu toleo la 21.04 folda mpya za nyumbani zina ruhusa 750, kwa hiyo folda ya pamoja iliyo ndani ya /home haipitiki kwa mtumiaji mwingine. Tumia /srv:

    sudo groupadd ofisi
    sudo usermod -aG ofisi asha
    sudo mkdir -p /srv/kazi
    sudo chgrp ofisi /srv/kazi
    sudo chmod 2770 /srv/kazi

Kisha ongeza mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf:

    [kazi]
       path = /srv/kazi
       valid users = @ofisi
       read only = no
       force group = ofisi
       create mask = 0660
       directory mask = 2770

Endesha `testparm` ikague tahajia, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Tarakimu 2 mwanzoni mwa 2770 hufanya faili mpya zirithi kundi la folda. Chmod 777 haitibu tatizo hili: kwa mpangilio wa kawaida wa Samba, faili mpya huandikika na aliyeiunda tu, hivyo mwenzake anaifungua kwa kusoma pekee, hata folda iwe wazi kiasi gani. Faili zilizohamishiwa humo kwa `mv` hubaki na kundi lake la zamani. Zirekebishe kwa `chgrp -R` na uzipe faili 660.

Kwenye Fedora kuna mlango wa tatu, SELinux, mfumo wa usalama unaodai folda iwe na lebo ya kuruhusu Samba:

    sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/kazi(/.*)?"
    sudo restorecon -Rv /srv/kazi

Folda ikiwa kwenye diski ya nje ya NTFS, kwa kawaida chmod haina athari. Mmiliki na ruhusa hupangwa wakati wa kuipachika, kwa uid (mmiliki), gid (kundi) na umask (ruhusa zinazoondolewa). Ikikubali kusoma tu, huenda ilichomolewa kwenye Windows yenye Fast Startup (hali inayofanya Windows isizimike kabisa). Irudishe huko, zima kompyuta kwa `shutdown /s /t 0`, ndipo uichomoe.

Majina ya faili nayo huleta kero. Linux inakubali "Ripoti 10:30", Windows haikubali nukta mbili, na Samba humwonyesha mtumiaji wa Windows jina fupi la ajabu lenye alama ya ~. Epuka `\ / : * ? " < > |` na nafasi mwishoni mwa jina. "Bajeti.xlsx" na "bajeti.xlsx" ni faili mbili kwa Linux, kwa mtu wa Windows huenda ikafunguka isiyo yake. Kama Mac inatumika sana, ongeza `vfs objects = catia fruit streams_xattr` katika sehemu ya [global] ya smb.conf; hupunguza utitiri wa faili zinazoanza na `._`.

Yote haya yakishindikana, weka `log level = 3` katika [global], rudia kosa mara moja, kisha soma /var/log/samba. Tafuta NT_STATUS_LOGON_FAILURE kwa tatizo la nywila, NT_STATUS_ACCESS_DENIED kwa ruhusa, na NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME kwa jina la folda lisilopo. Ukishapata jibu rudisha kiwango kuwa 1, kwani cha 3 huandika mistari mingi na kuichosha seva.