Je, wajua? Nyongeza ya gemu humbadilishia hata asiyeinunua

Gemu za njozi zinazochezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa pamoja zina desturi moja: kila baada ya miaka miwili hivi, kampuni hutoa toleo la nyongeza. Linakuja na bara jipya, mazimwi mapya, hadithi mpya na leveli zaidi za kupanda. Muulize kijana wa Nyamanoro hapa Mwanza anayechezea kwenye simu, au mwanachuo wa Malimbe mwenye laptopu, nyongeza ni nini. Wengi watakujibu hivi: gemu imeongezewa eneo. Mwenye hela anunue aende, asiye nayo abaki na gemu yake ileile aliyoizoea.

Jibu hilo ni sahihi kwa gemu unayocheza peke yako nyumbani. Kwa gemu ya mtandaoni si kweli hata kidogo, na inafaa tulikalie jambo hili, kwa sababu watu wengi hulaumu kitu kisichohusika pale gemu waliyoipenda inapogeuka ghafla.

Gemu ya aina hii haikai kwenye kifaa chako. Ulichonacho wewe ni picha, sauti na programu ya kuvionyesha. Ulimwengu wenyewe, yaani nani yuko wapi, ana upanga gani, zimwi limebakiza uhai kiasi gani, unahesabiwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu za kampuni. Seva ikibadilishwa, umebadilishiwa. Ukijaribu kuingia na toleo la jana unaambiwa usasishe kwanza, na hapo ndipo anayetegemea bando la usiku anapokesha akisubiri gigabaiti zishuke, hata kama hana mpango wa kununua chochote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa World of Warcraft, gemu iliyoanza Novemba 2004. Nyongeza yake ya tatu, Cataclysm, iliingia sokoni tarehe 7 Desemba 2010. Lakini mabara mawili ya zamani yalifumuliwa na kusukwa upya wiki mbili kabla, tarehe 23 Novemba, kwa sasisho lililomfikia kila mwenye akaunti. Nyika ya Barrens ilipasuliwa vipande viwili. Bonde kavu la Thousand Needles, ambako wachezaji walizoea kutembea kwa miguu chini ya minara mirefu ya mawe, lilijazwa maji. Kazi nyingi ambazo wageni walikuwa wakipewa tangu siku ya kwanza zilifutwa na kuandikwa nyingine. Hapakuwa na kitufe cha kusema "mimi niachieni la zamani." Aliyenunua na asiyenunua waliamkia ulimwengu mmoja.

Huo ni upande unaoonekana kwa macho. Upande wa pili ni mkubwa zaidi, maana hutokea hata pale ambapo kampuni haikugusa jiwe moja la nchi ya zamani.

Turudi nyuma hadi Januari 2007, nyongeza ya kwanza ya gemu hiyohiyo, The Burning Crusade. Leveli ya mwisho ilipanda kutoka 60 hadi 70, na nchi mpya ya Outland ikafunguliwa nyuma ya lango liitwalo Dark Portal. Kabla ya hapo, heshima ya mchezaji ilipimwa kwa alichovaa. Vifaa vimepangwa kwa rangi: nyeupe, kijani, bluu, kisha zambarau. Zambarau ilipatikana hasa kwenye ngome kama Molten Core, ambako watu 40 waliingia pamoja, wakapigana usiku mzima, na mwishoni bosi, yaani zimwi kuu la ngome, akaangusha vitu vichache vya kugawana watu wote hao. Mtu aliweza kusubiri miezi ndipo apate kofia yake.

Sasa mchezaji huyu anavuka lango. Anatokea Hellfire Peninsula, nchi nyekundu iliyopasukapasuka chini ya anga la ajabu. Anapewa kazi ndogo ya kwanza, anaimaliza, anarudi kwa aliyemtuma, na kisanduku cha zawadi kinafunguka ili achague kimoja. Ndani yake kuna kifaa cha kijani. Anapitisha kishale juu yake na namba zinajitokeza: uhai zaidi, nguvu zaidi kuliko zambarau aliyoisubiri miezi ile. Wachache waliofika Naxxramas, ngome ngumu kuliko zote wakati huo, walidumu na vifaa vyao muda mrefu zaidi, lakini nao walikuja kuvivua.

Wengi waliona ni dharau. Mimi naona sababu yake ni ya haki, ingawa inauma. Aliyejiunga 2007 asingeweza kamwe kumfikia aliyetangulia miaka miwili kama vifaa vya zamani vingeendelea kuwa bora. Nyongeza ilisogeza mstari wa kuanzia mbele, wote wakasimama karibu sawa. Kosa ni kudhani kwamba kusogeza mstari huo kunaathiri upanga tu. Kunahamisha watu, na watu wakihama kila kitu kingine hufuata.

Hapa sisi wa Mwanza tunalo la kulinganisha, tena la juzijuzi. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla yake, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa barabara hiyo alifika Kigongo na kusubiri kivuko. Basi lilisimama, abiria wakashuka. Kusubiri huko ndiko kulikomleta muuza karanga, muuza maji ya baridi na mwenye samaki wa kukaanga. Ndiko kulikowafanya watu wawili wasiojuana waanze kuzungumza, mmoja akauliza bei ya dagaa ng'ambo, mwingine akamjibu, wakavuka pamoja. Hakuna aliyekaa ofisini akaupanga uchangamfu ule. Ulizaliwa kwa sababu kila mtu alilazimika kupita pale na kukaa kidogo. Daraja halihitaji kubomoa hata kibanda kimoja ili kuubadilisha. Inatosha kwamba msafiri hana tena sababu ya kusimama.

Gemu nayo ina maghati yake. Kwenye nchi ya zamani kuna mapango ya watu watano: mmoja anayepokea mapigo, mmoja anayetibu, watatu wanaoshambulia. Siku ambazo wachezaji wengi walikuwa bado wanapanda kuelekea leveli ya 60, ulisimama mjini ukaandika kwamba unatafuta mtibabu, na baada ya muda akajitokeza. Mkatembea pamoja hadi mlangoni, mkafahamiana njiani. Nyongeza ilipokuja, walio wengi walivuka kwenda Outland. Pango halikuguswa. Mabosi wako mle, zawadi zake ziko mle. Kilichokosekana ni mtibabu. Mgeni aliyeanza mwaka ule alipita kwenye mabonde yaliyotengenezwa kwa ajili ya umati, akiwa peke yake, akaamini kwamba gemu imekufa, ilhali seva ilikuwa imejaa hadi watu wanapanga foleni ya kuingia. Walikuwa upande wa pili wa lango.

Soko la ndani lilifuata mkondo huohuo. Kazi za Outland zililipa dhahabu nyingi kuliko za zamani, hivyo waliofika huko walirudi na mifuko mizito kununua shaba na ngozi za leveli za chini kwa ajili ya wahusika wao wa pili. Wachimbaji wa shaba walikuwa wamebaki wachache. Bei zikapanda, na aliyeumia ni mgeni ambaye bado analipwa kwa viwango vya zamani. Ila mgeni mjanja aliyechimba shaba badala ya kuinunua alitajirika haraka, na hilo nalo ni tunda la nyongeza ileile.

Lililoumiza zaidi, kwa maoni yangu, linatajwa mara chache: hesabu ya vikosi. Ngome za zamani zilihitaji watu 40. The Burning Crusade ilishusha idadi hadi 25, na ngome ya kwanza ya wenye leveli ya 70, Karazhan, ikawa ya watu 10. Fikiria wewe ndiye kiongozi wa kikosi. Una watu 40 mliozoeana, mnaojua hata sauti za watoto wa wenzenu kwenye maikrofoni. Nchi mpya inakutaka upeleke kwanza makundi ya watu 10 Karazhan, kila kundi likiwa na watibabu wake, kisha uyaunganishe kupata 25. Makundi mawili ni pungufu ya watu 5, matatu yanazidi kwa 5. Na wale 15 waliotoka kwenye 40, unawaambia nini? Vikosi vingi viligawanyika kwa sababu hiyo, bila ugomvi wowote kati ya watu wake. Namba moja tu iliyoandikwa na mbunifu ilitosha.

Namba zenyewe zina tabu yake. Kila nyongeza ikiwa lazima iishinde iliyopita, tarakimu hukua kwa kasi. Mhusika wa leveli ya 60 mwaka 2005 alikuwa na uhai wa maelfu machache. Kufikia nyongeza ya nne, Mists of Pandaria ya 2012, wahusika walihesabu uhai kwa mamia ya maelfu, na uhai wa mabosi wakubwa ulikuwa unakaribia ukomo wa kompyuta yenyewe: namba inayohifadhiwa kwa biti 32 zenye alama ya kujumlisha na kutoa haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Oktoba 2014 kampuni ikazibana namba zote kwa pamoja. Uhai wa bosi ulishuka, na nguvu ya upanga wako ikashuka kwa kiasi kinachoendana, ili pigano libaki na urefu uleule. Mwaka 2020 hata leveli zenyewe zikabanwa: aliyekuwa 120 akawa 50, kisha nyongeza ya Shadowlands ikampa nafasi ya kupanda hadi 60, pale pale palipokuwa kilele mwaka 2004.

Vipi kuhusu imani kwamba nyongeza hukuza idadi ya wachezaji? Kwa muda, ndiyo. Warlords of Draenor ya Novemba 2014 ilirudisha akaunti zilizolipiwa hadi zaidi ya milioni 10. Machi 2015 zilikuwa milioni 7.1, na kufikia Septemba milioni 5.5, baada ya hapo kampuni ikaacha kuzitangaza. Takwimu hizo zinahesabu akaunti tu. Hazisemi aliyeondoka alichoshwa na nini, hivyo anayezitumia kuthibitisha kwamba nyongeza fulani ilikuwa mbaya anazibebesha mzigo usio wao.

Wabunifu wengine wamejaribu njia tofauti. Final Fantasy XIV, iliyozinduliwa upya Agosti 2013, huwalipa wakongwe warudi. Unajiandikisha kwenye bahati nasibu ya mapango, mfumo unakupeleka kwenye pango lolote la zamani, unakushusha leveli ulingane na mgeni, na ukimaliza unapata zawadi yenye thamani kwenye leveli yako halisi. Mgeni anapata mtibabu wake, mkongwe anapata malipo. Nauona kuwa uhandisi mzuri kuliko wote katika suala hili, kwa sababu unatibu penye ugonjwa: unarudisha watu, wala hauwi na haja ya kupaka rangi majengo. Guild Wars 2 nayo iligoma kusogeza kilele. Leveli ya mwisho ni 80 tangu 2012, na vazi la daraja la juu lililotengenezwa 2013 bado ni la daraja la juu. Hata huko nguvu ilipenya kwa mlango wa nyuma, kwani nyongeza ya 2015, Heart of Thorns, ilileta mitindo mipya ya kupigana iliyowazidi wasioinunua.

Na kuna waliodai kurudishiwa. Februari 2013 wachezaji wa RuneScape walipiga kura, zaidi ya 400,000, na kampuni ikafungua seva zinazotumia nakala ya gemu ilivyokuwa Agosti 2007. World of Warcraft ilifanya kama hivyo Agosti 2019, ikafungua ulimwengu wa kabla ya nyongeza zote.

Old School RuneScape, yaani ile ya seva za nakala ya 2007, ndiyo ninayowashauri vijana wa huku waiangalie, kwa kuwa tangu Oktoba 2018 inachezeka kwenye simu na haili bando kama zile kubwa. Huko hakuna nyongeza inayoingia kimyakimya: maudhui makubwa hupigiwa kura kwanza, na kwa miaka mingi yalihitaji asilimia 75 ya kura ili yapite, kabla ya kiwango kushushwa hadi 70. Mwaka 2023 wachezaji walichagua ujuzi mpya kwa kura zao wenyewe, wakauacha ushamani na ufugaji wa wanyama wa porini, wakachukua ubaharia. Mwenye leveli ya 99 kwenye uvuvi aliyoipata miaka kumi iliyopita anayo bado, na 99 ndiyo ya juu kabisa hadi leo.