Weupe ukishaungua haurudi

Dhana: Picha ikiungua, yaani mwanga ukizidi hadi sehemu zake zikawa nyeupe tupu, utaitengeneza kwenye kompyuta.

Ukweli: Kila pikseli (nukta) ya sensa, kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ni kama kindoo kinachokinga mwanga. Kikijaa, unaozidi unamwagika, na kamera haibaki na habari yoyote ya kilichomwagika. Kwenye JPEG, faili la kawaida la picha lililobanwa, kujaa huko huandikwa 255, namba ya juu kabisa, kwa nyekundu, kijani na bluu. Ukija kupunguza mwanga baadaye, shela la bibi harusi litageuka bati la kijivu. Mikunjo yake haitatokea, kwa sababu haikurekodiwa. RAW, faili ghafi la kamera, ikiwa ya biti 14 ina viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi dhidi ya 256 vya JPEG, na mara nyingi huokoa weupe ambao JPEG ilishautupa. Mara nyingi, si mara zote. Kivuli ndicho chenye huruma: unaweza kukiinua, ingawa utalipia kwa chenga, vidoadoa vinavyochafua picha.

Dhana: Kamera yenyewe inajua kiasi cha mwanga.

Ukweli: Kamera haijui unapiga nini. Kipimamwanga chake huchukulia kwamba mbele yake pana kijivu cha wastani. Mweke mtu mwenye shati jeupe mbele ya ukuta mweusi: kamera itaona giza tele, itaongeza mwanga, na shati litaungua. Shati hilohilo likijaza fremu nzima, litatoka limefifia kama halikufuliwa. Kwa hiyo kanuni ya "kitu cheupe, punguza mwanga" ni nusu ya ukweli. Tazama na kilichokizunguka. Kwenye mandhari nyeusi, shusha fidia ya mwanga (mpangilio wa +/- wa kamera) hadi -1, kisha angalia tena.

Dhana: Ikionekana safi kwenye skrini, iko salama.

Ukweli: Juani skrini huonekana hafifu, usiku hung'aa kupita kiasi. Mimi huiamini kwa kupanga fremu tu. Kwa mwanga, fungua histogramu, grafu ya mwanga wa picha yenye giza kushoto na weupe kulia: mlima ukigota ukingo wa kulia, kuna kilichopotea. Washa pia onyo la kumeta, linalometesha sehemu zilizoungua, likuonyeshe ni wapi. Kama kamera yako inaonyesha histogramu ya kila rangi, itumie hiyo, kwani ua jekundu linaweza kujaza nyekundu peke yake huku histogramu ya jumla ikionekana tulivu, na petali zikawa doa moja lisilo na mishipa. Ila histogramu hizi huhesabiwa kutoka JPEG hata unapopiga RAW, hivyo huwahi kidogo kupiga kelele.

Dhana: Ili picha isiungue, kushusha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kunatosha.

Ukweli: Kwenye hali ya otomatiki kamera itafidia, kwa mfano kwa kufungua shata, pazia linalopitisha mwanga, muda mrefu zaidi, na mwangaza wa picha utabaki uleule.

Dhana: Kila doa jeupe ni kosa.

Ukweli: Jua lenyewe, balbu, mng'ao juu ya maji au chuma: hayo yaache yaungue. Hayana undani wa kuokoa, na ukiyalinda, uso wa mtu utatoka kama umepakwa masizi.