Kuosha Uvungu wa Gari kwa Mashine Jijini Arusha: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wapo wenye vituo vya kuoshea magari jijini Arusha wanaoamini kwamba mfumo wa kuosha uvungu, yaani bomba la sakafuni lenye nozeli (midomo ya kunyunyizia) zinazorusha maji chini ya gari, ni anasa ya nchi za baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na kwamba huku kwetu mashine ya kuosha bodi inatosha. Ni kweli kwamba chumvi hiyo ndiyo iliyoupa mfumo umaarufu huko. Hata hivyo, gari la watalii linalorudi mjini kutoka Ziwa Natron limebeba vumbi la magadi lililochanganyika na chumvi, na majivu ya mlima Ol Doinyo Lengai nayo yana kabonati ya sodiamu kwa wingi. Vumbi hilo likipata unyevu huharakisha kutu penye chuma kilichochubuka rangi, na alikali yake hula alumini. Lipo pia tope la masika linaloganda juu ya chasisi na kukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, bila kusahau nyasi kavu zinazojisokota kwenye bomba la ekzosi na ambazo zinaweza kuwasha moto. Kwa hiyo wanaosema kwamba kuosha uvungu ndiko kunakoleta kutu wamegeuza mambo: kinachodhuru ni uchafu unaoshikilia maji, si maji yanayopita na kuchuruzika.

Dhana iliyoenea kuliko zote, na inayowagharimu watu fedha nyingi, ni kwamba presha ikiwa kubwa uvungu utatakata. Tope zito haliondolewi na presha peke yake. Huondolewa na wingi wa maji yanayofika mahali husika kwa nguvu ya kutosha. Tuchukue mfumo wenye nozeli 10, kila moja ikitoa lita 10 kwa dakika kwa presha ya bari 80 (bari ni kipimo cha presha). Pampu itahitaji takriban kilowati 13 kabla ya kuhesabu upotevu, maana yake mota ya kilowati 15 au zaidi na umeme wa fezi tatu. Sasa mwenye kituo, kwa kutaka kazi iwe bora zaidi, anamwambia fundi aongeze nozeli nyingine 10 za aina ileile kwenye bomba hilohilo. Pampu ya pistoni haitoi maji zaidi kwa sababu matundu yameongezeka, hivyo kila nozeli itapata lita 5, na presha haitashuka kwa nusu kama wengi wanavyodhani, bali hadi robo, yaani bari 20. Nozeli zilizotanuka kwa kuliwa na mchanga huleta athari ya namna hiyohiyo polepole, na ndiyo sababu geji ya presha inayoshuka wiki baada ya wiki, ilhali pampu ni nzima, inapaswa kumpeleka fundi kwenye nozeli kwanza. Wapo wanaoilaumu floridi ya maji ya Arusha kwa kuziba kwa nozeli. Floridi ni tatizo la meno na mifupa, na maji ya miteremko ya Meru yenye floridi nyingi kwa kawaida yana kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo huacha ukoko unaoziba, kwa hiyo kabla ya kulaumu maji, fungua chujio utazame mchanga.

Pia si kweli kwamba mpangilio mmoja wa nozeli unafaa kila gari. Nozeli yenye mnyunyizo wa nyuzi 40 hufunika upana wa sentimita 15 hivi ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye chuma, lakini ikiwa sentimita 50, upana unafika sentimita 36 na maji yaleyale yametawanyika. Umbali wa kwanza ni wa gari dogo la mjini. Wa pili ni wa Land Cruiser iliyoinuliwa kwa safari za porini. Kituo kinachotegemea magari ya watalii kichague nozeli zenye mnyunyizo mwembamba zaidi, huku chache zikielekezwa kwa mshazari kwenye matao ya matairi, maana tope jingi hujificha humo.

Inadhaniwa vilevile kwamba mashine ikiwa ya kujiendesha, dereva hana athari yoyote. Katika mifumo mingi gari ndilo linalopita juu ya bomba lililotulia sakafuni, na sensa huwasha maji tu; dereva akipita kwa haraka, ameondoka na tope lake. Kibao cha kumtaka aende mwendo wa mtu anayetembea ni sehemu ya mfumo kama ilivyo pampu. Gari lililotoka safari ndefu lipoe kwanza, kwa kuwa difu (kasha la gia kwenye ekseli) ya moto ikimwagiwa maji baridi ghafla, hewa iliyo ndani husinyaa na inaweza kuvuta maji kupitia kipumulio chake (tundu la kupitishia hewa) au sili iliyochoka.

Kuhusu maji yanayorudishwa kutumika tena, wanaoyasifu na wanaoyakataa wote wana ukweli nusu. Yanafaa sana kung'oa tope, mradi mchanga umetuama. Magadi na chumvi, kwa upande mwingine, huyeyuka na wala havitulii shimoni, hivyo huzidi kujikusanya kila maji yanapozunguka. Suuza ya mwisho iwe ya maji safi.

Mwisho ni dai kwamba maji ya uvungu ni tope tu na yanaweza kuachiwa mtaroni. Yanabeba grisi na oili, na mitaro mingi ya mjini huishia katika mito kama Themi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Shimo la kutuamisha mchanga, likifuatiwa na la kutenganisha mafuta, lichimbwe kabla ya zege la sakafu kumwagwa, na liwe na mfuniko ambao mtu mmoja anaweza kuuinua, kwa sababu msimu wa mvua litahitaji kuzolewa mara kwa mara.