Msiwafiche watoto Ijumaa Kuu

Kila Kwaresima ikifika mwishoni naletewa ombi lile lile, mzazi ananivuta pembeni baada ya misa, "mwalimu, naomba wanangu usiwaambie mambo ya kusulubiwa, bado wadogo, wataota usiku, wewe waambie tu Pasaka ni sikukuu ya furaha." Mwaka huu nimeletewa mara nyingi mno, na kwa vile hakuna anayenipa nafasi ya kujibu vizuri pale nje ya kanisa na watu wanakimbilia bodaboda, nimeona niandike.

Mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto katika Kanisa Katoliki, walio mikononi mwangu ni wale wadogo kabisa mpaka darasa la pili. Na ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kabisa kuambiwa Yesu alikufa. Kinachomchanganya ni kupewa Jumapili bila Ijumaa, yaani anaambiwa Yesu amefufuka wakati hakuna aliyemwambia kwamba alikufa, sasa ashangilie nini? Anabaki na nguo mpya, pilau na soda. Halafu tunalalamika watoto wa siku hizi Pasaka kwao ni kula tu. Si ndicho tulichowafundisha jamani?

Na huyu mtoto tunayemficha ni yupi hasa? Huyu huyu tulimbeba mgongoni msibani kwa babu yake, akapita kwenye jeneza na sisi tukitoa heshima za mwisho, akasikia bibi analia usiku kucha. Jumamosi Kuu jioni kuku anachinjwa uani na yeye yupo hapo hapo anashika miguu. Kifo anakijua, ila hajapata mtu wa kukaa naye akamsimulia cha Yesu kwa utulivu, tena mwanzo hadi mwisho.

Cha ajabu nyumba hiyo hiyo isiyotaka mtoto asimuliwe, Ijumaa Kuu tivii inawashwa asubuhi na zile filamu za mateso zinapigwa mpaka jioni, mijeledi, damu, makelele, na mtoto yuko kwenye mkeka anaangalia peke yake kwa sababu wakubwa wako jikoni au wamelala. Hiyo sasa ndiyo itamfanya aote usiku! Neno la mama aliyempakata na picha ya mtu anayechapwa mpaka ngozi inachanika ni vitu viwili tofauti kabisa, zima hiyo tivii. Someni Marko mwone alivyosimulia, anasema wakamsulubisha, basi, anaendelea. Hata misumari, katika Injili zote nne inatajwa kwenye maneno ya Tomaso tu, siku zile baada ya ufufuko anapokataa kuamini mpaka aone alama. Waandishi wa Injili hawakuona haja ya kueleza kila jeraha, sisi tunaona haja kwa nini, tena mbele ya mtoto?

Kwa hiyo simulia kama Marko, kwa ufupi na kwa mpangilio. Alikula na rafiki zake, mmoja akamuuza, wakamkamata usiku, Petro akaota moto uani akasema simjui huyu mtu, Pilato akataka kuuridhisha umati akatoa amri, askari wakamsulubisha, akafa. Sema akafa, usiseme alilala, maana jioni utamwambia huyo huyo nenda ukalale na yeye ataanza kulia. Halafu usiruke mazishi, watoto wanayapenda kuliko unavyodhani, wanataka kujua nani alimbeba, sanda ilitoka wapi, jiwe lilikuwa kubwa kama nini. Jibu yote. Yosefu wa Arimathaya alikwenda mwenyewe kuomba mwili, akanunua sanda ya kitani, akaviringisha jiwe mlangoni, na wale akina mama walikaa wakaangalia alipowekwa. Mtoto akijua kwamba Yesu hakuachwa peke yake anatulia, nimeliona hili mwaka hadi mwaka.

Sasa kuna jambo moja linanikera kuliko huko kuficha, na linafanywa na walimu wenzangu pia. Ni ile ya kumwambia mtoto "wewe ukimpiga mdogo wako unampigilia Yesu msumari", au "Yesu alikufa kwa sababu wewe hukusikia mama alipokutuma". Hapana jamani, hapana. Mtoto wa miaka minne, mitano, anachukua neno kama lilivyo, ukimwambia amemuua Yesu anaamini kwamba yeye, kwa mikono yake, amemuua mtu. Kuna mtoto alikuja kwangu analia kabisa anauliza kama Yesu bado amemkasirikia, na aliyemwambia hayo alidhani anafundisha toba. Najua mafundisho, Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inasema wazi kwamba dhambi zetu sote zimo katika mateso yale, na mtu mzima anapokwenda kuungama Kwaresima anatakiwa kulijua hilo na kulisikia moyoni. Sikatai hata kidogo. Ila kwa mdogo anza na upendo, mwambie alitupenda mpaka mwisho na hata aliposulubiwa aliomba wale watu wasamehewe. Hiyo ya dhambi zetu itakuja. Itakuja lini? Hapo niseme ukweli sina jibu la uhakika, mapadri niliofanya nao kazi wenyewe hawakubaliani, wengine wanasema wakati wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, wengine wanasema hata hapo taratibu, na mimi huwa namwangalia mtoto mmoja mmoja. Vitabu vya mafundisho vinaandika kana kwamba wote wanafika siku moja, hawafiki.

Na tafadhali msiwaambie "Wayahudi walimuua". Yesu ni Myahudi, Mama yake Myahudi, mitume wote Wayahudi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulishakataza tangu 1965 kuwabebesha Wayahudi wote lawama hiyo. Nisizunguke sana hapo.

Kufunga nipite haraka. Sheria ya Kanisa ni kufunga kuanzia miaka 18, kuacha nyama kuanzia 14, kwa hiyo mtoto wa chekechea apewe uji wake. Akitaka mwenyewe kuacha pipi Ijumaa Kuu mwache, usimlazimishe. Ibada ya saa tisa mpeleke, siyo misa siku hiyo, altare iko tupu na tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iko wazi, mwonyeshe hivyo vitu kwa kidole, na wakati wa kuabudu msalaba mpeleke mbele abusu na yeye. Alhamisi Kuu weka beseni na maji ya vuguvugu, baba mwenye nyumba aoshe miguu ya watoto, kipindi cha masika miguu yenyewe ina tope kwelikweli kwa hiyo hakuna haja ya kuigiza. Baba akiwa safarini mama aoshe. Hata parokiani tangu 2016 wanaooshwa miguu si lazima wawe wanaume tu.

Ila Jumamosi Kuu naomba muisikie vizuri maana ndiyo tumeiua kabisa, imekuwa siku ya sokoni, saluni na kupiga pasi. Kwa mtoto hii ndiyo siku ya kusubiri. Msibani wanajua kusubiri, hata mziki haupigwi. Basi kata mziki, funika msalaba wa sebuleni kwa kitenge au kanga, na akiuliza Yesu yuko wapi leo mjibu yuko kaburini, tunasubiri. Usiharakishe kumwambia kesho atafufuka usijali. Mwache akae na hilo nusu siku, hataumia. Usiku mpeleke kwenye mkesha aone moto unawashwa na mshumaa wa Pasaka unaingia kanisani gizani, akisinzia kwenye masomo mlaze kwenye benchi kwenye kanga, masomo ni marefu hata wakubwa wanasinzia. Mwamshe kwenye Gloria, ule wimbo wa utukufu, kengele zikilia.

Swali gumu linakuja Jumapili na mjiandae nalo. "Mbona babu yeye hajafufuka?" Mimi huwa najibu kwamba Yesu ametangulia, na babu naye tunamsubiri, itachukua muda na sijui ni muda gani. Kuna watoto wanaridhika, kuna ambaye aliniangalia akaondoka bila kusema kitu, na mpaka leo sijui nilimsaidia au la. Lakini swali hilo haulizi mtoto aliyefichwa Ijumaa, na mimi naona bora aulize.

Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu na wengi mko nyumbani, fanyeni hivi. Washa jiko la mkaa uani, choma samaki, na msome Yohana 21, pale Yesu aliyefufuka anawachomea wenzake samaki ufukweni asubuhi. Samaki waliovuliwa ni 153, wape watoto maharage wahesabu. Halafu waulize moto wa makaa mwingine waliusikia wapi, maana Yohana anautaja mara mbili tu, hapa na kule uani kwa kuhani mkuu Petro alipomkana Yesu. Watoto walioisikia Ijumaa wataruka, "Petro! Petro alikuwa anaota moto!" Hapo usifafanue chochote, geuza samaki wasiungue, waache wao kwa wao wabishane kama Yesu bado alikuwa amemkasirikia Petro au alishamsamehe.